Kabla ya kuvuta chuma, piga picha mbili

Siku hizi ramani ya rangi, ile inayoonyesha chuma kimenyumbuka wapi na kiasi gani kinapovutwa, imegeuka hati ya kiapo. Onyesha kipande cha chuma chenye wekundu katikati na bluu pembeni, ukumbi mzima unaitikia kwamba hapo ndipo kinaponyumbuka. Mimi huuliza kwanza: picha mbili za kabla ya kukivuta ziko wapi?

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unapaka sampuli rangi nyeupe, unainyunyizia vitone vyeusi, kisha unaipiga picha huku mashine ikiivuta. Programu huigawa picha viraka viraka na kutafuta kila kiraka kimehamia wapi. Njia hii, iitwayo kwa Kiingereza digital image correlation, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani. Vitone vikiwa vizuri, kila kimoja pikseli 3 hadi 5 hivi, inaweza kunasa mhamo wa sehemu ya mia ya pikseli.

Lakini chombo chenye jicho kali hivyo hunasa na uongo. Weka kamera moja nusu mita kutoka kwenye sampuli. Sampuli ikisogea milimita 1 tu kuielekea kamera, picha inakua kwa asilimia 0.2, na programu itakuapia kuwa chuma kimerefuka. Chuma laini chenye nguvu ya MPa 250 (megapaskali, kipimo cha mkazo) kinafika ukomo wa kurudi hali yake kikirefuka asilimia 0.125 hivi. Umekitangaza kimepita ukomo huo, na wala hakijavutwa!

Kwenye hadubini ya elektroni ndiyo balaa zaidi, maana picha huchorwa mstari kwa mstari na huhama taratibu ikiendelea kuchorwa. Niliwahi kushangilia mkanda mzuri wa mshazari kwenye ramani kwa siku mbili nzima, nikidhani chuma kimenyumbuka hapo. Ilikuwa rangi imebanduka.

Mwaka 1899 watafiti wa metali Ewing na Rosenhain walitazama metali iliyong'arishwa ikinyumbuka chini ya hadubini, wakaona mistari myembamba myeusi ndani ya chembe za fuwele. Ungedhani ni nyufa. Walipoimulika kwa mshazari, mistari ikang'aa: vilikuwa vingazi, tabaka za fuwele zikiteleza juu ya nyingine. Hawakuwa na programu, ila waliihoji picha.

Picha mbili za sampuli isiyovutwa zinapaswa kutoa sifuri. Zisipotoa, namba inayotoka ichapishwe chini ya ramani, kwa herufi zilezile za kichwa cha habari.