Hela ya korosho, fundi na mwenye nyumba: ugomvi huanzia kwenye kianzio

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Malipo yakianza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyamba, mafundi hawashikiki. Kila mtu anataka kubadilisha bati, kupiga lipu, kufunga dari, kuweka marumaru sebuleni. Na ni kipindi hichohicho, Novemba kuelekea Desemba, mvua za kusini zinapoanza, na kuendelea mpaka Aprili. Kwa hiyo nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zinakarabatiwa katika miezi ambayo hela ipo, mafundi ni wachache kuliko kazi, na bati limefunuliwa huku wingu limeshuka. Februari ikifika, ofisi za serikali za mitaa zinapokea kesi ileile: fundi kala hela kaondoka, mwenye nyumba kakataa kumalizia malipo.

Naamini kesi nyingi kati ya hizo hazitokani na wizi wala ukorofi. Zinatokana na jinsi hela ilivyotolewa siku ya kwanza.

Tazama jinsi kazi inavyokubaliwa. Fundi anakuja, anazunguka nyumba kwa macho, anataja bei moja ya jumla ya ufundi. Mwenye nyumba anaomba apunguziwe, wanakubaliana, nusu inatolewa papo hapo kama kianzio, wakati mwingine hata zaidi ya nusu. Fundi huyo ana nyumba nyingine mbili alizochukua wiki hiyo. Hana mtaji, na saidia fundi wanadai chao kila jioni. Kianzio cha nyumba ya tatu kinalipa vibarua wa nyumba ya kwanza. Mzunguko huo unakwenda vizuri maadamu kazi mpya zinaingia. Msimu ukipoa, nyumba zote tatu ziko katikati, mfukoni hakuna kitu, na fundi anaanza kuzima simu. Mwenye nyumba anaona mwizi. Kilichopo hasa ni mtu aliyekwishatumia hela ya kazi ambayo hajaifanya, na hana namna ya kuifanya bure.

Dawa yake ni kianzio kidogo. Asilimia 20 ya ufundi inatosha: iwalipe vibarua siku za mwanzo na kusafirisha vifaa vya kazi. Kinachobaki kitolewe kwa hatua, kila hatua ikishaisha na kupimwa. Tuseme ufundi wa kukarabati vyumba vitatu ni shilingi 1,000,000. Kianzio 200,000. Lipu ikikamilika na kumwagiliwa maji siku zake, 300,000. Dari ikifungwa, 200,000. Rangi na usafi, 200,000. Laki moja ya mwisho inabaki kwa ajili ya kasoro, na hiyo nitaieleza mbele. Fundi mzuri haogopi mpango huu, kwa sababu unampa hela kila wiki badala ya kumwachia deni kubwa mwishoni, pale mwenye nyumba anapokuwa ameishiwa.

Hapo hapo malizeni suala la hela ya kula. Hili ni dogo kwa kiasi, kubwa kwa ugomvi. Mwenye nyumba anatoa elfu tano asubuhi, elfu kumi Jumamosi, na kichwani mwake anakata kwenye ufundi. Fundi anazipokea kama chakula cha kawaida kisichohusiana na ufundi. Siku ya hesabu, mmoja anasema nimebakiza laki moja, mwingine anasema laki tatu, na wote wawili wanasema kweli. Andikeni sentensi moja: hela ya kula imo ndani ya ufundi, au haimo. Na kila inayotolewa itumwe kwa simu, hata ikiwa fundi amesimama mlangoni. Ujumbe wa muamala una tarehe, jina na kiasi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za aina hiyo kama ushahidi.

Ukarabati una ugumu ambao ujenzi mpya hauna: hujui kilichomo mpaka ufungue. Ukuta unaonekana mzima, lipu ikigongwa unakuta tofali zimelainika chini kwa unyevu. Bati likitolewa, papi (mbao zinazopigiliwa bati) mbili kati ya tano zimeliwa na mchwa na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) imepasuka kwenye maungio. Fundi aliyetaja bei ya jumla kwa macho ana njia mbili tu: apige bati jipya juu ya mbao mbovu, au aje kuomba nyongeza. Akiomba nyongeza anaitwa tapeli. Ndiyo maana nashikilia kwamba bei ya jumla isitajwe kabla ya kufungua. Mlipe fundi siku moja ya kukagua, hela yake mbali na ufundi. Afunue bati chache kwenye kingo na chini ya kofia (bati la kilele cha paa), achome mbao kwa bisibisi (ikizama kirahisi mbao hiyo imekwisha), abandue lipu kama sentimita 30 kutoka chini kwenye kuta mbili za nje, akague linta (mihimili ya juu ya madirisha) kama zina nyufa. Baada ya hapo ndipo itajwe bei, na kitakachogundulika zaidi kipangiwe bei kabla hakijaguswa, kwa ujumbe wa simu wenye neno "nimekubali" kutoka kwa mwenye nyumba. Kazi ya ziada isiyo na ujumbe huo isifanywe.

Kwenye vifaa, mwenye nyumba anunue mwenyewe na atunze risiti. Lakini lazima ajue hesabu, la sivyo atamshuku fundi bila sababu au ataibiwa bila kujua. Chukua chumba cha mita 3.6 kwa 3, kimo mita 2.7. Mzunguko wa kuta ni mita 13.2, ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba karibu 35.6. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Mfuko wa kilo 50 wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa mchanganyiko wa moja kwa nne unaweka ndoo saba za lita 20 za mchanga kwa kila mfuko, na kwa unene wa milimita 15 mfuko huo unapiga kama mita za mraba 9. Chumba hicho basi kinakula mifuko mitatu na nusu hivi. Ukuta wa zamani wenye mashimo unakula zaidi, mfuko mmoja wa ziada si wizi. Fundi akimaliza chumba hicho kwa mifuko miwili, usifurahie kuokoa saruji: lipu ni nyembamba au mchanga umezidi, na ukipitisha ukucha itatoa vumbi. Akitaka saba, muulize mitatu ya mwisho inakwenda wapi.

Dari nayo inahesabika vivyo hivyo. Bodi ya jipsamu ya mita 1.2 kwa 2.4 ina mita za mraba 2.88. Chumba cha 3.6 kwa 3.6 kinahitaji bodi tano, na vipande vinabaki.

Kuhusu cha juu ambacho fundi hupewa na muuza duka, nitasema wazi. Mwenye nyumba anayemtuma fundi dukani mara nne kwa wiki bila kumlipa nauli wala muda wake anamsukuma huko. Mlipe mwendo wake, halafu mkatae cha juu.

Pwani ina kisa chake, na hapa ndipo kuta za Shangani, Mikindani na Lindi mjini zinapowagombanisha watu miezi sita baada ya kazi kuisha. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi vinaingia kwenye lipu, ukuta ukikauka chumvi inajitokeza kama unga mweupe, rangi inabanduka kwa mabaka. Kwenye zege chumvi hiyo inaleta kutu kwenye nondo, kutu inavimba, linta inapasuka kwa urefu. Mwenye nyumba anamdai fundi rangi mpya. Swali la haki ni moja: nani alileta mchanga? Kama mwenye nyumba aliuleta kwa sababu ulikuwa rahisi, na fundi akamwonya, hasara ni ya mwenye nyumba. Kama fundi alikaa kimya akapiga lipu, naye ana lake, maana ujuzi ndio anaolipwa. Fundi, ukiletewa mchanga wa bahari, tuma ujumbe wa maandishi kabla ya kuchanganya.

Nyumba kongwe za mawe ya matumbawe zina shida nyingine. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa na zinapumua. Ukizifunika kwa lipu ngumu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, na baada ya masika lipu inaachia kwa vipande vikubwa. Hapo tatizo si mkono wa fundi bali kifaa kilichochaguliwa, na ukuta huo ulitakiwa kurudishiwa chokaa.

Paa ndilo linaloongoza kwa kesi, kwa hiyo nilikalie kidogo. Bati la migongo likivuja, sababu huwa ni chache na zinaonekana. Msumari umepigwa kwenye bonde badala ya mgongoni, maji yanapita juu yake. Bati la juu limelalia la chini pungufu ya sentimita 15, upepo unasukuma maji kurudi ndani. Upande kwa upande limepishana mgongo mmoja tu, wakati linahitaji mmoja na nusu. Msumari hauna mpira wake. Au mwenye nyumba amesisitiza kurudisha bati za zamani zenye matundu, yakazibwa kwa lami iliyopasuka juani. Sababu nne za kwanza ni za fundi, arudie kwa gharama yake. Ya tano ni ya mwenye nyumba. Piga picha paa likiwa wazi na baada ya kufungwa, ili swali hili lijibiwe kwa picha na si kwa sauti.

Ndiyo sababu ya kubakiza ile laki moja ya kasoro. Mtaalamu yeyote anaweza kukuonyesha paa zuri wakati wa kiangazi. Lakini kuizuia hela ya fundi tangu Juni hadi mvua ya Novemba ni dhuluma. Kazi ya kiangazi ijaribiwe kwa maji: mtu apande na mpira au ndoo, amwage kwenye maungio na kofia kwa muda wa kutosha, mwingine awe ndani na tochi. Ikipita, fundi alipwe nusu ya akiba hiyo siku hiyo, na nusu baada ya siku 30. Kazi ya masika isubiri mvua mbili kubwa, basi.

Na wenye nyumba wana makosa yao. Kumwambia fundi "hela bado, nasubiri mnada" wakati hatua imekwisha ni kukiuka makubaliano, kwa sababu fundi hakukubaliana na mnada. Saruji ikichelewa siku nne, vibarua wa siku nne wana mlipaji, na mlipaji si fundi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi kukatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, mzigo wa Dar haukuweza kupita. Kwa jambo kama hilo hakuna mkosaji, lakini karatasi inapaswa kusema mapema kwamba siku zinaongezwa na bei ya vifaa ikipanda inabebwa na nani.

Ugomvi ukishawaka, jambo la kwanza watu wanalofanya ndilo baya zaidi: kumpeleka fundi polisi. Kutomaliza kazi ni madai, si jinai. Fundi aliyelala mahabusu hapigi lipu, na hela haipo kwenye mifuko yake. Jinai ipo pale alipouza mifuko yako ya saruji. Vilevile mwenye nyumba asikamate toroli na msumeno wa fundi, na fundi asipande usiku kung'oa bati alizopiga, maana bati ni mali ya aliyezinunua.

Simamisheni kazi. Mwiteni fundi mwingine asiye na upande, mlipeni wote wawili nusu kwa nusu, apime: lipu mita ngapi, bomba la alumini la mita 2 likilazwa ukutani linaacha pengo gani (zaidi ya milimita 5 irudiwe), bodi ngapi zimefungwa, vifaa gani vimebaki. Aandike ukurasa mmoja: kazi iliyofanyika ina thamani gani, kilicholipwa ni kiasi gani, nani anamdai nani. Wote wasaini mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba asidhani kumfukuza fundi kunafuta deni: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 70, inamtaka aliyenufaika na kazi isiyokuwa ya bure ailipie. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ila kuyathibitisha ni kazi.

Wasipoelewana hapo, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hutoa ushauri bila malipo, na Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya namna hii. Nenda na ule ukurasa wa vipimo, ujumbe wa miamala, risiti na picha. Fundi mpya wa kuendeleza kazi asiguse ukuta kabla picha hizo hazijapigwa. Akishaanza, hakuna atakayeweza kutenganisha kazi ya nani ni ipi.