Dodoma fremu kwanza, urembo wa mlango baadaye

Watu wengi wanaojenga huku kwetu Dodoma, kuanzia Nzuguni, Iyumbu mpaka Mtumba huko, hela ya mbao wanaimalizia kwenye mlango wa mbele, ule wa kuchonga maua na kupigwa vanishi mpaka unang'aa, halafu kwenye fremu wanaweka mbao yoyote ambayo bajeti imebakiza. Mimi nasema wanaanzia pasipofaa. Mlango ukikusumbua unafungua bawaba unautoa, unaweka mwingine siku hiyo hiyo. Fremu imeshikwa na ukuta, kuitoa ni kubomoa plasta, kuchimbua simenti na kupaka rangi upya, na mara nyingine bloku za pembeni zinameguka. Kwa hiyo kama hela haitoshi kote, mbao nzuri iende kwenye fremu, mlango wa maua utasubiri.

Sasa mbao nzuri ni ipi. Kwa fremu mi nachagua mninga, na sio kwa ajili ya ile rangi. Mninga unasinyaa kidogo sana ukikauka, haupindi ovyo, na kiini chake mchwa wanakishindwa. Mkongo nao ni mzito na mgumu, fundi atanung'unika kwamba misumari inapinda mpaka atoboe kwanza na drili, lakini kwa mlango wa nje hauna tatizo. Mvule sawa. Mtiki sawa pia, ilimradi utoke kwenye mti uliokomaa, maana hii inayovunwa michanga unakuta sehemu kubwa ya mbao ni ile nyeupe ya nje.

Na hiyo nyeupe ndiyo inayowaliza watu. Hata mninga, ile sehemu nyeupe mchwa wanaila kama mbao nyingine yoyote laini. Unalipa bei ya mninga, unapewa ubao una ukanda mweupe pembeni, fundi anaupaka rangi ya kufananisha na wewe unaona umepata mninga mtupu. Kuna fremu niliiona kwa jirani, rangi safi kabisa, lakini ukiibonyeza kwa dole gumba pale chini karibu na sakafu rangi inazama, ndani hakuna mbao, ni udongo tu wa mchwa mpaka usawa wa bawaba ya chini. Kwa hiyo kagua mbao kabla haijarandwa wala kupakwa chochote, igeuze pande zote nne.

Paini ya Sao Hill mi sina ugomvi nayo, kwenye kenchi za paa ikiwa imetiwa dawa inafanya kazi yake. Ila kwenye fremu ya mlango wa nje Dodoma hapana, na usidanganywe kwamba ina dawa, kwa sababu ukishaichana na kuiranda unafungua ndani ambako dawa inaweza ikawa haijafika.

Kinachonikera kuliko yote lakini ni mbao mbichi. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 mpaka 600 tu kwa mwaka, na kuanzia Mei mpaka Novemba ni ukame mtupu, upepo na jua. Mbao iliyokatwa juzi huko Tabora au Katavi ikipigwa fremu wiki hii inamalizia kukauka ikiwa ukutani, na hapo viungo vinaachia, kati ya fremu na plasta panatokea ufa wa kupitisha vumbi na kitasa hakikutani tena na tundu lake. Hata mbao iliyokauka vizuri Dar ikifika huku bado itasinyaa, hewa ya pwani ina unyevu na yetu haina. Halafu kuna kinyume chake, mlango uliotengenezwa Septemba ukabana kabisa kwenye fremu, Januari mvua ikichanganya unavimba na haufungi, watu wanalaumu fundi wakati mlango haukuachiwa nafasi ya kucheza.

Ushauri wangu nunua mbao wakati unajenga msingi, usingoje mpaka ufike lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango. Zipange kivulini juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vijiti ili hewa ipite, na ncha zipake rangi yoyote ya mafuta zisipasuke. Usizianike juani, zitapasuka na kupinda. Kwa mbao ya inchi mbili hiyo ni kazi ya miezi, sio wiki. Ukitaka kujua kama imekauka kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya duka, kiache kivulini wiki mbili, kipime tena, kama uzito bado unashuka basi bado mbichi.

Omba na risiti pamoja na kibali cha kusafirishia cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga unachukua miongo mingi kukomaa, na mbao za magendo mara nyingi zinauzwa haraka haraka, muda wa kukauka zinautoa wapi?

Kabla fremu haijasimamishwa, upande unaogusa ukuta na ule mguu wa chini upakwe dawa ya mchwa mara mbili, maana ukishajengea hufiki tena. Oili chafu wengine wanatumia, huko nyuma sawa, ila mbele usiguse, rangi haitashika. Na fundi akikwambia mbao ziko tayari, muulize zimechanwa lini, kisha mwende wote ukazione zilipopangwa kabla hujatoa hata shilingi ya advansi.