"Damu jichoni" si ugonjwa mmoja

Jamani, kuna ugumu gani kuandika kwenye fomu ya bima damu imevujia wapi?

Mama yangu ana kisukari. Alianza kuona nyuzi nyeusi zikielea, siku mbili baadaye jicho la kulia likawa kama limefunikwa na moshi. Daktari alimpima vizuri tu, akatueleza: mishipa dhaifu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) imepasuka, damu imeingia kwenye ute unaojaza jicho. Anahitaji leza.

Kumbe kwenye fomu ya bima msimbo (herufi na namba za kimataifa zinazotambulisha ugonjwa) ulioandikwa ni H11.3. Hiyo ni damu ya juujuu, ile inayofanya weupe wa jicho uwe mwekundu hata kwa kikohozi tu, na huisha yenyewe kwa wiki moja au mbili. Ya mama ni H43.1, pamoja na E11.3 ya kisukari kilichofika machoni. Dirishani kwa watu wa bima tukaambiwa jicho jekundu halipigwi leza. Jicho lenyewe halikuwa jekundu hata kidogo!

Damu ya kwenye retina ni H35.6. Iliyotuama mbele ya mboni ni H21.0. Wamarekani wameongeza tarakimu hadi ya kuonyesha upande: H43.11 kulia, H43.12 kushoto. Sisi hata alama nne za mwanzo za msimbo tunabahatisha, mtu anachagua ya kwanza yenye neno "damu".

Tumerudi kwa daktari mara mbili kurekebishiwa fomu. Siku tisa zimepita, na mama bado anapapasa ukuta kwenda chooni.