Mashine ya Aiskrimu Iliyogeuka Kasha la Hazina

Katika The Empire Strikes Back, filamu ya Star Wars ya mwaka 1980, kuna mtu anapita mbio, kufumba na kufumbua hayupo. Mji unaoelea mawinguni umevamiwa, watu wanakimbia kuokoa roho zao, na huyu bwana, kavaa ovaroli la rangi ya machungwa, kakumbatia kitu cheupe chenye umbo la pipa dogo. Hasemi neno. Hatumwoni tena. Ukisimamisha picha na kukodoa macho utagundua kwamba alichokumbatia ni mashine ya kutengenezea aiskrimu nyumbani, ya aina iliyokuwa ikiuzwa madukani miaka hiyo.

Mashabiki walicheka, kisha wakaanza kazi. Mtu akapewa jina, Willrow Hood. Mashine nayo ikapewa maelezo: si ya aiskrimu, imebeba kumbukumbu za siri za kompyuta ambazo adui hakupaswa kuzipata. Kwenye makongamano ya mashabiki watu wazima wakavaa ovaroli za machungwa, wakabeba mashine zao, wakakimbia kwa makundi. Na mwaka 2019, katika The Mandalorian, mfululizo wa runinga wa Star Wars hiyohiyo, kifaa cha umbo hilohilo kikatokea tena, safari hii kwa makusudi. Kinaitwa camtono, kasha la kuhifadhia mali, na ndani yake mna vipande vya chuma cha thamani. Miaka 39 baada ya mtu kukimbia na mashine ya aiskrimu, mashine imekuwa kweli kile ambacho watazamaji walitaka iwe.

Ni mzaha, lakini ndani yake mna ugomvi mzima uliopo kati ya wapenzi wa filamu za sayansi bunilizi. Wapo wanaoamini kwamba seti husomwa kama kitabu: kila taa, kila kiti, kila namba mlangoni imewekwa na mtu, basi ina la kusema. Na wapo wanaojibu kwamba seti ni mbao, rangi na bajeti. Kilichopatikana stoo ndicho kilichoingia mbele ya kamera, na hizo maana ni zenu wenyewe mlioangalia filamu mara arobaini. Mimi nimewahi kukaa kambi zote mbili, na zote mbili zina viti vizuri.

Kambi ya kwanza ina hoja ambayo filamu za aina nyingine haziipi nguvu kiasi hiki. Ukitengeneza filamu ya mapenzi ya leo, unaweza kukodi nyumba ya mtu, ukakuta vikombe vyake kabatini, ukaviacha hapohapo. Karne ijayo haina nyumba ya kukodi. Mlango utafunguka kwa kitasa au kwa sauti? Mwanga utatoka juu au sakafuni? Maskini ataketi kwenye nini? Kila swali la namna hiyo lazima mtu alijibu, na jibu lake linafichua anavyoiona jamii anayoibuni.

Chukua Gattaca ya mwaka 1997. Ni dunia ambamo watoto huchaguliwa vinasaba kabla ya kuzaliwa, na asiyechaguliwa huishia kushika ufagio. Jina lenyewe la filamu limeundwa kwa herufi nne tu, G, A, T na C, zile ambazo wanasayansi huandikia DNA. Hilo ni fumbo jepesi. Zito limo nyumbani kwa Jerome, mwanamume mwenye vinasaba vya kutamaniwa, ambaye amepooza miguu na amemkodishia mwenzake utambulisho wake. Nyumba hiyo ina ngazi ya mzunguko, inapanda kwa kujisokota kama mchoro wa DNA kwenye vitabu vya biolojia. Hakuna mhusika anayeitaja. Kisha inafika siku mpelelezi anakuja, na Jerome, aliyeko chini, lazima awe juu kabla mlango haujafunguliwa. Anakamata kidato cha kwanza kwa mikono, anajivuta, anashika cha pili, miguu ikimfuata nyuma kama mzigo wa mtu mwingine. Huyu ndiye aliyependelewa na DNA kuliko wote, na anaikwea kwa viwiko.

Hapo sihitaji mahojiano na mbunifu wa seti. Ngazi ikiondolewa, tukio linakufa.

Mfano mwingine, wa mavazi safari hii. Katika Black Panther ya mwaka 2018, watu watatu wanaingia kwenye nyumba ya kamari huko Korea Kusini: T'Challa kavaa nyeusi, Nakia kijani, Okoye nyekundu. Ni rangi za bendera ya Umajumui wa Afrika, ile iliyotangazwa na chama cha Marcus Garvey mwaka 1920. Mwongozaji Ryan Coogler amekwisha kusema hadharani kwamba ilikusudiwa, ila anayeijua bendera hiyo alishaiona kabla yeye hajafungua mdomo. Na kuna The Matrix ya mwaka 1999, ambamo Neo, mhusika mkuu, anaficha diski zake ndani ya kitabu cha mwanafalsafa Jean Baudrillard kuhusu nakala zisizo na asili. Kitabu kimetobolewa katikati: ni ganda la kitabu, bandia inayohusu ubandia. Hakuna atakayenishawishi kwamba msaidizi fulani alikiokota rafuni kwa bahati.

Sasa tusikilize upande wa pili, tena tuanzie kwenye filamu hiyohiyo. Zile herufi za kijani zinazomiminika kwenye skrini kama mvua zimetafutiwa siri kwa miaka. Mbunifu wake, Simon Whiteley, alieleza kwamba alizitoa kwenye vitabu vya mapishi vya Kijapani vya mke wake. Waliokuwa wakisaka unabii walikuwa wanatazama maelekezo ya sushi. Kisha ipo pasipoti ya Neo, inayoonekana kidogo tu wakati wa mahojiano na majasusi, na tarehe yake ya kuisha muda ni 11 Septemba 2001. Filamu ilitoka zaidi ya miaka miwili kabla ya siku hiyo. Umati mzima wa watu hauwezi kuiacha tarehe hiyo ilale. Vivyo hivyo kompyuta HAL katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968: sogeza kila herufi hatua moja mbele upate IBM, kampuni ya kompyuta. Arthur C. Clarke, mwandishi aliyeitunga pamoja na mwongozaji, alikana mara kwa mara kwamba walikusudia, na hakuna aliyemsikiliza.

Kesi iliyonitoa kwenye kambi ya kwanza, hata hivyo, ni ya Blade Runner ya mwaka 1982. Kwa muda mrefu niliichukulia ile mvua isiyokatika, moshi na usiku wa milele kuwa tamko kuhusu dunia iliyoharibiwa na viwanda. Kisha nikajifunza kwamba sehemu kubwa ya mitaa ile ilijengwa juu ya mtaa wa kudumu uliomo ndani ya studio ya Warner Bros. huko Burbank, mtaa uliokwisha kutumika katika filamu chungu nzima. Mwongozaji wake, Ridley Scott, amewahi kueleza kwamba giza, moshi na maji vilimsaidia kuuficha. Mvua ilikuwa pazia. Silaha ya mwanga ya Star Wars ya mwaka 1977 nayo mpini wake ni mshikio wa taa ya kamera kuukuu ya Graflex, iliyokutwa kwenye duka la vifaa vya picha London. Kazi ya seti ndivyo ilivyo: siku zinaisha, hela zinaisha, mtu anaingia mahali na kutoka na kinachofaa.

Stanley Kubrick, aliyeiongoza 2001, ndiye aliyeteswa kuliko wote na wasaka siri. Filamu yake nyingine, The Shining, ni ya kutisha na si ya sayansi, lakini mwaka 2012 ilitengenezewa filamu nzima ya makala, Room 237, ya watu wanaoeleza wanachokiona ndani yake. Mmoja anaona mauaji ya wenyeji wa Marekani katika makopo ya hamira yaliyopangwa stoo yenye picha ya chifu. Leon Vitali, aliyekuwa msaidizi wa Kubrick, alisema makopo yale yalichaguliwa kwa ajili ya rangi zake. Nikiri kwamba nadharia ya makopo hainichekeshi kama inavyomchekesha yeye. Hoteli katika hadithi hiyo inaelezwa wazi kuwa imejengwa juu ya makaburi ya wenyeji, kwa hiyo chifu aliyeko rafuni yuko nyumbani kwake, awe aliwekwa kwa rangi au kwa historia.

Hapo ndipo ninapoachana na kambi zote mbili. Zinagombana kuhusu nia: alikusudia, hakukusudia. Nia ni mzani mbovu. Irudie ile mvua ya Blade Runner. Ilizaliwa kwa ajili ya kuficha kuta, lakini filamu haikuiacha hapo. Wahusika wanaishi ndani yake, wanakula chini ya miavuli, wanafukuzana kwenye madimbwi, na mwisho kabisa, juu ya paa, kiumbe wa kutengenezwa anayekaribia kufa anasema kumbukumbu zake zitapotea kama machozi mvuani. Pazia limekuwa neno la mwisho la mtu. Pasipoti ya Neo haijafanya lolote la namna hiyo. Badilisha tarehe uweke nyingine yoyote, The Matrix inabaki ilivyo, haijapungua hata sekunde. Kwa hiyo swali langu kwa kila anayeniletea siri ni moja: kitu hicho kimebeba nini ndani ya hadithi?

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Siku hizi anaambiwa, tena kwa mshale mwekundu na duara juu ya picha, na video ya dakika 20 ya mtu anayeongea kwa kasi. Sina ugomvi na burudani hiyo. Kinachonikera ni kwamba video hizo karibu zote zinampa sifa mtu mmoja, mwongozaji, kana kwamba alishona, akapaka rangi, akapiga misumari peke yake. Zile alama za duara wanazoandika wageni wa angani katika Arrival ya mwaka 2016, maandishi yasiyo na mwanzo wala mwisho kwa viumbe wasioona wakati kama mstari, zilichorwa na msanii Martine Bertrand, mke wa Patrice Vermette aliyebuni seti. Wakanda, nchi ya kubuniwa ya Black Panther, ilijengwa kwanza katika mwongozo wa zaidi ya kurasa 500 uliotayarishwa na Hannah Beachler, aliyekuja kuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya ubunifu wa seti, mwaka 2019. Katika Alien ya mwaka 1979, mabaharia wa anga wanamwita mwajiri wao "kampuni" tu, na jina lake halisi, Weylan-Yutani, unaliona kwenye vitu kama makopo ya bia. Aliyelibuni ni mchoraji Ron Cobb, aliyetaka liashirie Uingereza na Japani zilizounganisha mitaji. Mwajiri asiyetajwa, aliyeko hadi mkononi mwako unapokunywa, katika filamu ambayo siri yake ni kwamba mwajiri huyo ameshaamua wafanyakazi wake wanaweza kufa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa mezani na penseli.

Na kopo hilo linafungua mlango ninaoupenda kuliko mingine. Cobb alijua anatania kuhusu Japani. Miaka mitatu baadaye Blade Runner ikaipa Los Angeles ya mwaka 2019 uso mkubwa wa mwanamke wa Kijapani akitabasamu kwenye ukuta wa ghorofa, tangazo linaloangalia mji mzima kutoka juu. Ukizitazama filamu hizo mbili kwa pamoja unaona hofu ya Magharibi ya miaka ile, kwamba fedha za Tokyo zinakuja kununua kila kitu. Sidhani kama kuna aliyeandika hofu hiyo kwenye karatasi za maandalizi. Ilikuwa hewani, ikaingia kwenye seti kama vumbi.

Maana ya namna hii haikufichwa na mtu. Waliojenga seti wenyewe hawakuiona, na kambi zote mbili zinaipita, kwa sababu haina mtu wa kumuuliza. 2001 imejaa vitu vya aina hiyo. Kubrick alijengewa gurudumu la kuzunguka lenye kipenyo cha zaidi ya mita 11 ili wanaanga waonekane wakitembea ukutani, akafikiria chakula, choo na mwanga wa vyumba. Lakini katika karne yake ya 21 abiria bado wanasafiri na Pan Am, shirika la ndege lililokufa mwaka 1991, na simu za video bado ni za Bell, himaya iliyovunjwa mwaka 1984. Ilikuwa rahisi kuiwaza safari ya Jupita kuliko kuiwaza Marekani bila makampuni yale.

Katika chombo kinachoelekea kituo cha angani, abiria mmoja, mwanamume, amesinzia. Kalamu imemtoka mfukoni na inaelea. Watu wamekuwa wakiijadili kalamu hiyo tangu mwaka 1968: jinsi ilivyobandikwa kwenye kioo kinachozunguka, jinsi inavyogeuka polepole. Mwanamke aliyevaa sare nyeupe na kofia ya duara anakuja kwa hatua za uangalifu, viatu vyake vikinata sakafuni, anaidaka hewani, anainama, na kumrudishia mwenyewe mfukoni bila kumwamsha.