Alhamisi ya Kumasi na Alhamisi ya nyumbani

Tangu nihame Morogoro kuja Kumasi, Ghana, nimeacha kukubali kwamba jina la mtu lazima litangaze dini yake. Kwa Waakan, watu wa huku, kila mtoto hupata jina la siku aliyozaliwa, mzazi hana la kuchagua. Mvulana wa Jumatatu ni Kwadwo, wa Ijumaa Kofi, wa Jumamosi Kwame. Msichana wa Jumapili ni Akosua, wa Jumamosi Ama. Jina hilo ni la kra, ile roho ambayo Mungu humpa mtu anapokuja duniani. Siku ya nane mtoto hutolewa nje, akadondoshewa ulimini maji, kisha pombe, ili akue akisema maji yawe maji kweli, na akisema pombe iwe pombe. Hapo ndipo hupewa jina rasmi, mara nyingi la mtu anayeheshimika katika ukoo. La siku alishakuja nalo.

Mimi ni wa Alhamisi, kwa hiyo majirani wananiita Yaw. Waliniuliza siku, hawakuniuliza kabila wala ninakosali. Mtaani kwetu yupo Yaw wa kanisani na Yaw wa msikitini, na wakiitwa wanageuka wote.

Nyumbani nasi tuna siku ndani ya majina: Juma, Mwanajuma, Hamisi, Jumanne. Ni majina mazuri mno, ila kwa kiasi kikubwa tumewaachia Waislamu peke yao. Mimi wa Alhamisi niliyebatizwa nilipewa jina la mtakatifu, Hamisi halikufikiriwa hata kidogo. Na anayeitwa Hamisi akiingia kwenye usaili wa kazi, waliokaa mezani wameshampangia dini kabla hajavuta kiti. Hilo linaniuma.

Halafu majina haya yana kumbukumbu kuliko makaratasi. Padri aliyembatiza Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana, aliandika kwamba alizaliwa tarehe 21 Septemba 1909, siku iliyokuwa Jumanne. Nkrumah, akijua yeye ni mtoto wa Jumamosi, aliona tarehe 18 ndiyo yenye uwezekano mkubwa. Na kule Jamaika, kiongozi wa Wamaroon, yaani watumwa waliotoroka na vizazi vyao, aliyewekeana mkataba na Waingereza mwaka 1739 aliitwa Cudjoe. Huyo ni Kwadwo! Utumwa uliwanyang'anya watu karibu kila kitu, lakini Jumatatu yao ilivuka bahari.

Kuna jambo moja tu ambalo siko nao. Siku hupewa tabia: wa Jumatatu mtulivu, wa Jumatano mkorofi. Hata Ananse, buibui mjanja wa hadithi zao, ni Kwaku, wa Jumatano. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gustav Jahoda alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za mahakama ya watoto ya hapa Kumasi, akaonyesha kwamba kina Kwadwo walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na kina Kwaku walizidi katika makosa ya fujo. Siamini kwamba ni siku iliyowaharibu. Mtoto anayeitwa mgomvi tangu akiwa mgongoni, ataacha vipi kugomba?

Binti yangu amezaliwa huku, Jumatano, naye ni Akua. Jirani akisema ndiyo maana mbishi, namkatalia papo hapo, mtoto akisikia. Shangazi zake wa Morogoro wanataka jina la ubatizo litangulie kwenye cheti. Nimewaambia linakaa la pili.