Yule babu mchawi na kazi ya pembeni

Katika banda umiza moja pale Majengo, Dodoma, hakuna aliyejua jina la mwigizaji James Hong. Tulimwita babu mchawi. Muvi ilikuwa Big Trouble in Little China ya mwaka 1986, na ubishi wetu haukumhusu steringi, maana steringi hafi na hilo tulilijua tangu tunalipa kiingilio. Tulibishania yule mzee aliyejikunja kwenye kiti cha magurudumu, sauti ikimkwaruza kooni: je, aliyemcheza ndiye aliyecheza pia jini mrefu wa kucha ndefu, anayetoa mwanga mdomoni? Mimi niliapa kwamba ni watu wawili tofauti. Niliikosa soda ya dau.

Hong alizaliwa Minneapolis, Marekani, Februari 1929, katika familia yenye asili ya China. Alisomea uhandisi wa ujenzi na akafanya kazi ya barabara Los Angeles. Mwaka 1954 alitokea kwenye kipindi cha televisheni cha mchekeshaji Groucho Marx akiiga sauti za watu maarufu, na kuanzia hapo kazi za uigizaji zikaanza kumjia. Ukijumlisha filamu, tamthilia na sauti za katuni, amepita kazi 600. Wanangu wanamjua bila kumjua: ndiye yule bata bukini muuza tambi, babake panda, kwenye Kung Fu Panda.

Sasa, kazi 600 na karibu zote za pembeni. Wapo wanaoiona hesabu hiyo kuwa ushahidi wa dhuluma, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1957 ilianza tamthilia ya Charlie Chan, mpelelezi Mchina. Mpelelezi akachezwa na Mzungu, J. Carrol Naish. Hong, mwenye asili hiyo hasa, akapewa nafasi ya mtoto wake. Mwaka 2023, akiwa na miaka 94, alipanda jukwaani na wenzake wa filamu ya Everything Everywhere All at Once kupokea tuzo ya chama cha waigizaji, akasimulia jinsi Wazungu walivyokuwa wakibandikwa macho ili wafanane na Waasia, kwa sababu maprodyuza walidai Waasia wenyewe hawatoshi na hawaleti watazamaji. Zilizobaki zikawa kazi za mpishi, mhudumu, mhalifu. Kwenye filamu ya Chinatown ya mwaka 1974 yeye ni mtumishi wa nyumba ya tajiri.

Kuna shtaka zito zaidi, na hili linamgusa yeye mwenyewe. Mchina mchawi mwenye kucha, anayewinda wasichana wa macho ya kijani, ni kinyago cha zamani cha kutishia Wazungu, na Hong alikivaa akalipwa. Sisi wa Majengo, ambao hatukuwahi kusalimiana na Mchina hata mmoja, tulitoka bandani tukiamini wote wanaruka juu ya mapaa. Leo Wachina wapo hapa mjini, na bado utamsikia mtoto akiwapigia kelele za kung fu njiani. Sidhani kama muvi moja inabeba lawama yote hiyo. Lakini sehemu inabeba.

Hata hivyo mtazame akiwa kazini. Mwaka 1991 alitokea kwenye Seinfeld, tamthilia ya vichekesho ya televisheni, katika sehemu ambayo watu wamekaa mgahawani wakisubiri meza. Yeye ni mtu wa mapokezi, ana kitabu chake. Kila akiulizwa anajibu dakika tano, kumi, kwa sura ileile, bila dharau wala haraka. Aliyewahi kufuatilia faili kwenye ofisi za hapa makao makuu ya nchi anaijua sura hiyo vizuri. Kwenye Blade Runner ya mwaka 1982 anatengeneza macho ya bandia ndani ya chumba cha baridi kali. Wageni wanaingia, wanamrarulia koti la manyoya, na kwa muda mfupi tu fundi mwenye kiburi anageuka mzee anayetetemeka. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyekuja kujaza nafasi.

Kwa hiyo wengine husema aliridhika, mwacheni. Hapa ndipo ninapokataa. Mwaka 1965 yeye, mwigizaji Mako na wenzao walianzisha East West Players, kundi la maigizo la Los Angeles, ili Waasia wa Marekani wapate nafasi kubwa walizonyimwa kwingine. Aliyeridhika haanzishi kundi. Na wanaomlilia kama mnyonge wanalisahau jambo hilohilo. Nyota yake pale Hollywood, ile ya jina kwenye njia ya waendao kwa miguu, aliipata mwaka 2022, akiwa na miaka 93, baada ya mwigizaji mwenzake Daniel Dae Kim kuitisha michango ya kuigharamia. Michango, kama ya harusi.

Kwetu nako sura hugawiwa mapema. King Majuto mara nyingi alikuwa mzee wa vituko, Mzee Chillo baba mwenye fedha zake. Ila kuna tofauti moja ambayo tukimsifia Hong huwa tunairuka. Mwaka 1960 waigizaji wa Marekani waligoma, wakapata mfuko wa pensheni na afya, pamoja na haki ya kulipwa filamu zao mpya zinaporudiwa kwenye televisheni. Mwenye kipande cha dakika tano naye akahesabiwa. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Bunge lipo hapahapa Dodoma, lakini msanii wa pembeni mara nyingi anapewa chake mkononi na habari inaishia hapo. Ndiyo maana sipendi kijana aambiwe avumilie kama James Hong. Avumilie akiwa na nini?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Nkuhungu alipanda treni ya SGR hadi Dar kwa ajili ya kipande kimoja: anafungua geti, gari la bosi linaingia. Alinionyesha kwenye simu. Ni sekunde nne hivi. Kabla ya kushika komeo anafuta kiganja kwenye suruali, na hilo, aliniambia, hakuelekezwa na mtu. Nikamuuliza malipo.

"Nauli na msosi, anko," akasema, kisha akairudisha nyuma ili niuone tena ule mkono.