Wyoming haikuwa ya Republican tangu awali

Mwandishi ninayemjibu hapa anasema kwamba Wyoming, jimbo la Marekani, imekuwa ngome ya chama cha Republican tangu ilipoanzishwa, lakini kumbukumbu za kura hazikubaliani naye. Ni kweli kwamba mgombea urais wa mwisho wa chama cha Democratic kushinda huko alikuwa Lyndon Johnson mwaka 1964, na kwamba Donald Trump wa Republican alipata takriban asilimia 70 ya kura mwaka 2020. Hata hivyo, wagombea urais wa Democratic waliwahi kushinda huko mara kadhaa kabla ya hapo: William Jennings Bryan alishinda jimbo hilo mwaka 1896, Woodrow Wilson akalichukua mara mbili, Franklin Roosevelt mara tatu mfululizo kabla ya kulipoteza mwaka 1944, kisha Harry Truman akalirejesha mwaka 1948. Kura nyingi za Democratic zilitoka kusini, ambako reli ya Union Pacific na migodi ya makaa ya mawe, kama ile ya Rock Springs, iliwakusanya wafanyakazi wenye vyama imara vya wafanyakazi. Nguvu ya vyama hivyo ilipopungua, kura nazo zikahama. Leo wilaya ya Teton, yenye matajiri wengi na watalii wa mji wa Jackson, ndiyo inayowapigia Democratic, jambo ambalo wachimba makaa wa zamani wangelishangaa.